Bibi Salme binti Said, Binti wa Sultani Aliyehamia Ujerumani

Tangu zamani watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wameona wageni wakija kwa majahazi na upepo wa kaskazi, na wakirudi kwao na upepo wa kusi. Wengi katika wageni hao hawakurudi. Walijenga, wakaoa, wakawa wenyeji. Lakini waliotoka pwani hiyo wakaenda kukaa Ulaya katika karne ya kumi na tisa walikuwa wachache sana, na katika hao wachache ajulikanaye kuliko wengi ni mwanamke mmoja wa Unguja. Jina lake lilikuwa Salme binti Said, na baadaye aliitwa Emily Ruete.

Utoto wake

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ukingoni mwa bahari. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Seyyid Said mwenyewe alikuwa mtu aliyehama kwao. Aliiacha Maskati, mji wa joto kali na majabali, akahamishia makao yake Unguja, penye maji matamu na bandari njema, akaamuru mikarafuu ipandwe kwa wingi. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Huyu alizaliwa Circassia, nchi iliyo karibu na Bahari Nyeusi. Alipokuwa mtoto mdogo vita vilizuka kwao, akatekwa, akauzwa, hata akafika katika nyumba ya Sultani. Basi Salme alikuwa mtoto wa watu wawili waliotoka mbali: baba alikuja kwa hiari yake, mama aliletwa kwa nguvu.

Katika jumba la Mtoni walikaa watu wengi mno, wapatao elfu moja: wake, masuria, watoto, watumishi na watumwa. Uani walitembea tausi, paa, mbuni na heroe. Watu wa nyumba ile walikuwa wa makabila mengi, na kila siku zilisikika lugha nyingi pamoja. Lakini mbele ya Sultani ilikuwa lazima kusema Kiarabu. Kiswahili Salme alikipata kwa watu waliomzunguka tangu udogo wake.

Alipopata umri wa miaka saba, yeye na mama yake walihama Mtoni wakaenda kukaa na ndugu yake Majid katika jumba la Watoro, mjini. Majid alimpenda sana, akamfundisha kupanda farasi na kupiga shabaha kama mvulana.

Lakini liko jambo moja ambalo hakuna aliyemfundisha. Desturi ya wakati ule ilikuwa wasichana wafundishwe kusoma Kurani tu; kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme hakuridhika. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto wa chuoni waliutumia kama ubao, akatwaa kalamu na wino, akawa ananakili herufi za Kurani kwa siri, moja moja, hata mkono wake ukazoea. Jambo hili lilipojulikana wengi walimlaumu. Yeye hakuacha. Siku zile hakujua kwamba kazi ile ya siri ndiyo itakayomfaa zaidi kuliko mashamba na vito atakavyorithi.

Misiba na fitina

Mwaka wa 1856 Seyyid Said alifariki baharini, alipokuwa akirudi kutoka Oman. Nchi zake ziligawanywa: mwanawe Thuwaini akashika Oman, na Majid akashika Unguja. Salme akapata fungu lake la urithi, fedha na shamba. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1859, ugonjwa wa kipindupindu ulishuka Unguja ukaua watu wengi, na mama yake akawa mmoja wao. Hivyo, alipokuwa bado msichana wa miaka kumi na mitano, Salme alibaki bila baba wala mama.

Mwaka ule ule ndugu yake mwingine, Barghash, alifanya shauri la kumwondoa Majid katika ufalme. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda kupita kiasi, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta na Salme. Nao walimhitaji sana, kwa kuwa yeye alijua kuandika. Ikawa barua za siri za wale wenye fitina zaandikwa na mkono wa msichana yule. Uasi haukufaulu. Majid alisaidiwa na Waingereza wenye manowari, na Barghash akapelekwa Bombay katika Bara Hindi.

Majid hakulipa kisasi kwa dada yake, alimsamehe. Lakini nyumba ile kubwa ilikuwa imekwisha kugawanyika. Salme alipopatana tena na Majid, waliokuwa wa upande wa Barghash walimchukia wakamwona msaliti. Akaishi miaka mingine shambani, mbali na jamaa zake, akajifunza mapema upweke ni kitu gani.

Kuondoka kwake

Baadaye Salme alirudi kukaa mjini. Nyumba yake ilikuwa karibu na nyumba ya kijana mmoja wa Kijerumani, mfanyi biashara kutoka Hamburg, jina lake Rudolph Heinrich Ruete. Madari ya nyumba zao yalielekeana, nao wakaanza kusemezana, wakajuana, wakapendana, wakataka kuoana.

Jambo hili lilikuwa la hatari kubwa. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamke Mwislamu haolewi na mwanamume Mkristo, na Salme hakuwa mtu wa hivi hivi, bali binti wa Sultani. Tena alikuwa amekwisha kuwa mja mzito. Lau angalibaki Unguja, maisha yake yangalikuwa hatarini. Kwa hiyo hapakuwa na njia ila kukimbia.

Usiku wa tarehe 24 Agosti mwaka wa 1866 watu wa Unguja walikuwa katika sherehe za Siku ya Mwaka, ambapo ni desturi kwenda kuoga baharini. Salme naye akashuka pwani kama wengine. Lakini mashua ilikuwa inamngoja, ikamchukua mpaka manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, nayo ikang'oa nanga kuelekea Aden. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na miwili. Nyuma yake aliacha nyumba, mashamba, ndugu, dini ya wazee wake na makaburi ya baba na mama.

Huko Aden alikaa miezi mingi akimngoja Bwana Ruete, ambaye alibaki Unguja kumaliza mambo ya biashara yake. Hapo alizaa mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei mwaka wa 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku iyo hiyo akafunga ndoa na Bwana Ruete. Kisha wakasafiri kwenda Ulaya. Lakini yule mtoto mchanga hakufika Ujerumani, alifariki njiani. Hivyo mama yake aliingia katika nchi yake mpya akiwa na msiba moyoni.

Maisha mapya Hamburg

Hamburg ni mji mkubwa wa bandari kaskazini ya Ujerumani. Bwana Ruete alikuwa na nyumba nzuri huko, wala mkewe hakukosa chakula wala mavazi. Lakini mtu ahamaye haishi kwa chakula na mavazi peke yake. Kila jambo alilolijua Salme tangu utoto lilikuwa halina kazi tena. Kwao alikula akiketi mkekani, kwa mkono. Hapa kulikuwa na viti, visu na nyuma. Kwao milango ilikuwa wazi na watu waliingia na kutoka mchana kutwa. Hapa milango ilifungwa kwa ajili ya baridi, na kila mtu alikaa kwake. Kwao alijifunika uso asionwe na wanaume wageni. Hapa ilimpasa kutembea uso wazi, na watu wakamkodolea macho njiani, kwa kuwa hawajapata kumwona binti wa Sultani kutoka Afrika.

Tena alikuwa hajui lugha yao. Katika mji ule wenye maelfu ya watu, aliyeweza kusema naye maneno akayaelewa alikuwa mumewe tu, naye mchana alikuwa kazini. Salme akaona kwamba mtu asiyejua lugha ya nchi ni kama bubu, hata akiwa na akili nyingi. Basi akafanya kama alivyofanya zamani na ule mfupa wa ngamia. Akaanza tena kwa herufi, safari hii za Kijerumani, akajifunza kusema, kusoma na kuandika. Pia akajifunza kazi za nyumba ambazo katika majumba ya baba yake zilifanywa na wengine.

Katika miaka mitatu alizaa watoto watatu: Antonie mwaka wa 1868, Rudolph Said mwaka wa 1869, na Rosalie mwaka wa 1870. Polepole nyumba ikachangamka, na ile nchi ngeni ikaanza kuwa kwao.

Ndipo lilipompata pigo kuliko yote. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1870 Bwana Ruete, alipokuwa akishuka katika gari la reli la mjini lililokokotwa na farasi, alianguka, gari likamkanyaga. Siku chache baadaye akafa. Mtoto mkubwa alikuwa wa miaka miwili, na mdogo alikuwa wa miezi michache tu.

Mjane katika nchi ya watu

Sasa Bibi Emily Ruete alikuwa mjane asiyetimiza miaka ishirini na sita, na watoto watatu wadogo, katika nchi isiyo yake. Sheria za mji wa Hamburg hazikumruhusu mjane kusimamia peke yake mali ya watoto wake; ilimpasa kuwekewa wasimamizi wanaume. Mali ya mumewe nayo ikapungua. Ungedhani wakati huo angerudi kwao. Lakini njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Majid, ndugu aliyempenda, alifariki mwaka uo huo wa 1870, na Barghash akawa Sultani mahali pake. Naye Barghash hakumsamehe kwa kuacha dini na kuolewa na mgeni. Na watoto wake walikuwa Wajerumani. Unguja wasingekuwa na mahali.

Basi akakaa. Alihama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt na Berlin, akitafuta mahali ambapo fedha chache zingemtosha kuwalea na kuwasomesha watoto. Akafundisha Kiarabu apate riziki. Binti wa Sultani, ambaye utotoni alikatazwa kuandika, sasa alikula kwa kuwafundisha wengine herufi.

Mwaka wa 1875 Barghash alizuru London. Salme akasafiri kwenda Uingereza akitumaini kuonana na ndugu yake na kupatana naye. Lakini wakuu wa serikali ya Kiingereza hawakupenda jambo lolote limwudhi mgeni wao. Wakamwahidi Salme kwamba watoto wake watasaidiwa, kama akikubali kutokutana na Sultani. Akakubali kwa ajili ya watoto. Sultani alipokwisha kuondoka, ahadi ile haikutimizwa.

Alipougua akaogopa kwamba atakufa kabla watoto wake hawajawa wakubwa wa kufahamu mama yao alitoka wapi. Kwa hiyo akaanza kuwaandikia khabari za maisha yake: jumba la Mtoni, baba yake, sikukuu, vyakula, vyuo, ndoa, magonjwa na misiba. Maandiko hayo yalichapishwa Berlin mwaka wa 1886 kwa Kijerumani, yakatafsiriwa kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine. Kabla yake haijulikani mwanamke mwingine wa Kiarabu aliyechapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe. Wanaotaka kujua mambo ya ndani ya majumba ya Unguja katika siku za Seyyid Said hukisoma kitabu hicho hata leo.

Hata hivyo si yote aliyoyaandika yanayofaa kukubaliwa. Salme alilelewa katika nyumba iliyotumikiwa na watumwa, na mashamba ya karafuu yaliyoitajirisha jamaa yake yalilimwa na watumwa waliotolewa bara kwa mateso makubwa. Katika kitabu chake aliutetea utumwa, ingawa mama yake mwenyewe alitekwa na kuuzwa akiwa mtoto. Mtu aweza kuwa shujaa katika jambo moja na kuwa kipofu katika jingine. Aliyeona wazi kwamba si haki kumkataza msichana kalamu, hakuiona haki ya yule aliyemtumikia.

Kurudi Unguja

Mwaka wa 1885 Salme aliiona Unguja tena, miaka kumi na tisa tangu usiku ule wa kukimbia. Lakini hakurudi kwa uwezo wake mwenyewe. Wakati ule Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi za bara, na Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitumwa Unguja kumtisha. Wakuu wa Ujerumani, na mkubwa wao Bismarck, wakaona kwamba dada yake Sultani, aliye raia wa Kijerumani na mwenye kudai urithi wake, aweza kuwafaa katika mambo yao. Akaletwa pamoja na watoto wake.

Watu wa mjini walimjua, wakamsalimu njiani kwa furaha, wakamsemesha kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikwenda Mtoni akaliona jumba alimozaliwa. Lilikuwa limekwisha kuwa magofu, na majani yameota mahali walipotembea tausi. Barghash alikataa kabisa kumwona. Na wale waliomleta, walipokwisha kupata kwa Sultani mambo makubwa waliyoyataka, hawakushughulika tena na madai ya mjane. Salme akafahamu kwamba alikuwa kama karata mikononi mwa wachezaji, nayo huwekwa kando mchezo ukiisha.

Barghash alifariki mwaka wa 1888. Salme akaja tena Unguja mwaka ule ule, akitumaini kwamba Sultani mpya, ndugu yake Khalifa, atakuwa na moyo mwingine. Hakupata kitu. Akaondoka, wala hakuiona Unguja tena mpaka kufa.

Uzee na kufa kwake

Tangu hapo hakutaka kurudi Ujerumani upesi. Alikaa miaka mingi katika nchi za Waarabu, kwanza Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo aliisikia lugha ya baba yake sokoni na njiani. Mwaka wa 1914 akarudi Ujerumani kukaa na watoto wake. Katika miaka yake ya mwisho serikali ya Unguja ilikubali kumpa malipo madogo ya kila mwaka. Yalikuja alipokuwa mkongwe.

Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari mwaka wa 1924, umri wake miaka sabini na tisa. Katika vitu vyake ulionekana mchanga wa pwani ya Unguja, alioutunza miaka yote. Alizikwa Hamburg pamoja na jamaa ya mumewe, na mchanga ule ukatiwa kaburini pamoja naye.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, hakusahau asili ya mama yake. Aliandika kitabu cha maisha ya babu yake, Seyyid Said, kilichochapishwa mwaka wa 1929. Na barua ndefu ambazo Salme aliandika juu ya maisha yake ya ugenini zilichapishwa muda mrefu baada ya kufa kwake. Mjini Unguja, katika jumba la zamani la masultani lililofanywa makumbusho, kilitengwa chumba kimoja cha kumkumbuka, na magofu ya Mtoni yangali yanaonekana ukingoni mwa bahari.

Maisha ya Bibi Salme yaonyesha kwamba kuhamia nchi ya watu si jambo la siku moja ya safari, bali ni kazi ya maisha yote. Mtu aweza kuvuka bahari kwa usiku mmoja. Lakini kujifunza lugha, kuzoea desturi, kulea watoto na kustahimili upweke kwataka miaka mingi, na pengine njia ya kurudi haipo. Urithi wake Salme ulimponyoka mikononi, jamaa zake walimkataa, mumewe alikufa, na ahadi za wakubwa hazikutimia. Kitu kimoja tu alichotoka nacho Unguja hakikuweza kunyang'anywa na mtu: kile alichojifunza kwa siri juu ya mfupa wa ngamia. Kwacho aliwalisha watoto wake, na kwacho jina lake lingali linajulikana katika nchi zake zote mbili.